Jarife likinasa kitu cha ajabu usiku huu, nani atapigiwa simu?

Samaki mwenyewe, silikanti, yule wa kale aliyedhaniwa ametoweka, amefifia. Watu huja wakitarajia ile buluu yenye mabaka meupe wanayoiona kwenye picha, halafu wanakuta kitu cha kahawia kilichokauka ndani ya kioo. Kinachomsimamisha mtu ni mapezi. Hayatoki moja kwa moja mwilini kama ya changu au kolekole. Karibu kila moja lina shina lake la nyama, na ukiliangalia muda mrefu unaanza kutazama mkono wako mwenyewe.

Nilikuwa East London, Afrika Kusini, mji wa bandari ambao Waxhosa wanauita eMonti. Kilichonipeleka ni shughuli nyingine kabisa, lakini mtu wa Tanga akifika East London bila kwenda kumtazama silikanti, atawaambia nini watu nyumbani? Nikajipenyeza kwenye makumbusho yao ya Barabara ya Oxford asubuhi moja kabla ya kikao. Pale karibu na kioo alikuwepo mama mmoja wa makamo, mhudumu. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanga, Tanzania.

Akacheka. "Basi nyinyi mnao wengi kuliko sisi!"

Nikavimba kichwa kidogo, nikaanza kumhadithia habari za Kigombe, kijiji chetu cha wavuvi, na hifadhi yetu ya silikanti. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza swali la kawaida tu, kama mtu anayeendeleza mazungumzo.

"Na wa kwanza kwenu alivuliwa na nani?"

Mwaka nilikuwa nao: 2003. Mahali nilipajua: Songo Mnara, Kilwa, kisha kuanzia 2004 wakaanza kunaswa kwetu Tanga mmoja baada ya mwingine. Jina la mtu sikuwa nalo, la Kilwa wala la Tanga. Nimerudi nyumbani, wiki zimepita, na swali la yule mama bado linanifuata hadi sokoni.

Nguruwe wa miguu sita

Makumbusho ya East London yalianzishwa mwaka 1921, na kwa miaka kumi ya mwanzo hayakuwa na cha kujivunia. Mwaka 1931 wakamwajiri msichana wa miaka ishirini na nne, Marjorie Courtenay-Latimer, ambaye alikuwa akijiandaa kusomea uuguzi. Hakuwa na shahada ya sayansi. Alichokikuta ndani ni ndege wachache waliokaushwa na kuliwa na wadudu, picha za mji, picha za vita vya Waxhosa na wakoloni, na mtoto wa nguruwe mwenye miguu sita ndani ya chupa.

Akatupa sehemu kubwa ya takataka hizo, akaanza kubeba vitu kutoka kwao. Shanga za Kixhosa ambazo mama yake alikuwa amezikusanya. Yai alilopewa na shangazi wa ukoo, linalosemekana kuwa la dodo, yule ndege wa Morisi aliyetoweka. Wataalamu wanalibishania yai hilo mpaka leo, maana huenda ni la mbuni. Mimi nalipenda hivyo hivyo lilivyo. Makumbusho ambayo kila kitu chake kina uhakika hayaachi cha kujadili njiani.

Wakati mwingine tunadhani makumbusho huanza na jengo, fungu la bajeti na mgeni rasmi wa kukata utepe. Haya yalianza na msichana aliyebeba sanduku kutoka nyumbani kwa mama yake.

Jambo jingine alilofanya ndilo lililonikaa kichwani zaidi. Alizoea kushuka bandarini. Aliwajua mabaharia, nao walimjua. Nahodha Hendrik Goosen wa meli ya kukokota nyavu iitwayo Nerine alikuwa akimwekea kando viumbe vya ajabu vilivyoingia wavuni, na Marjorie alipokaa Bird Island kukusanya ndege na mimea, meli hiyo ndiyo iliyombebea makasha yake.

Yote hayo yalitangulia silikanti kwa miaka kadhaa.

Desemba 22, 1938

Siku hiyo Marjorie alikuwa na kazi zake. Alikuwa akiunganisha mifupa ya mtambaazi wa kale na alitaka kuimaliza kabla ya sikukuu. Simu ikaja: Nerine imetia nanga, kuna mzigo wa samaki wa kuangalia. Inasimuliwa kwamba nusura asiende. Alikwenda kwa sababu ilikuwa karibu Krismasi, akaona si vizuri asiwatakie heri wale mabaharia.

Namrudia sana mtu huyu aliyeshuka bandarini kwa ajili ya salamu.

Chini ya lundo la papa na takataka za wavuni aliona pezi la buluu. Alipofukua akakuta samaki wa mita moja na nusu, wa kilo zipatazo 57, aliyevuliwa karibu na mdomo wa mto Chalumna. Hakumjua ni nani. Alijua tu kwamba hajawahi kumwona, na kwamba mzee mmoja wa melini aliyezeeka na nyavu naye hajawahi kumwona.

Kuanzia hapo kisa kinageuka vichekesho. Dereva wa teksi hakutaka samaki anayenuka kwenye gari lake mpaka alipobembelezwa. Mwenyekiti wa bodi ya makumbusho alimtazama akaona ni chewa wa kawaida tu. Mochwari wakakataa kumpokea. Ghala la barafu nalo likakataa. Ni mwezi wa Desemba, joto la kule unalijua, samaki ameshaanza kulainika. Mwisho akasukumwa kwa mkokoteni hadi kwa fundi wa kukausha wanyama, akaviringishwa kwa magazeti na shuka lililoloweshwa fomalini, nayo fomalini haikutosha.

Marjorie akachora mchoro wa haraka, wa kalamu tu, akaupeleka kwa posta kwa J.L.B. Smith, mwalimu wa kemia wa Grahamstown aliyekuwa bingwa wa samaki kwa mapenzi yake. Smith alikuwa mapumzikoni Knysna. Barua ikamfikia Januari 3. Akapeleka simu ya maandishi: hifadhi mifupa na mashavu ya samaki huyo. Utumbo na mashavu vilikuwa vimeshatupwa siku nyingi.

Smith alifika mwenyewe Februari 16, 1939, akathibitisha. Jamii ya samaki ambayo vitabu vyote vilisema imetoweka tangu zama za dinosaria, miaka milioni 66 na zaidi iliyopita, ilikuwa hai na ilikuwa ikinuka pale mezani. Akamwita Latimeria chalumnae: dada wa makumbusho na mto wa Chalumna, wote ndani ya jina moja.

Na yule aliyesukuma mkokoteni?

Alikuwa msaidizi wa Marjorie, Mwafrika. Masimulizi niliyoyasoma yanamtaja kwa jina la kwanza tu, Enoch. Tunajua meli iliitwaje, tunajua mto, tunajua mwenyekiti aliyesema ni chewa. Mtu aliyekuwa na mikono yake juu ya samaki maarufu kuliko wote wa karne ile anapita kwenye hadithi kwa sentensi mbili, hata jina la baba hana.

Makumbusho hayo hayo yana kipande cha mwamba kutoka ufuo wa Nahoon chenye nyayo za binadamu, kilichogunduliwa mwaka 1964. Umri wake unakadiriwa miaka 124,000. Mwenye nyayo zile naye hana jina, lakini yeye ana udhuru.

Mia moja za Nzwani

Smith alikaa miaka 14 akimtafuta silikanti wa pili. Alichapisha vipeperushi vyenye picha ya samaki, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akiahidi pauni 100 kwa atakayempata. (Kiswahili, lugha ya wavuvi wa nusu ya pwani hiyo, hakikuwemo kwenye kipeperushi. Nalipita hilo haraka kwa ajili ya afya yangu.)

Mwaka 1952 yeye na mkewe Margaret walikuwa Unguja, na huko Margaret akakutana na nahodha mmoja Mwingereza, Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara kwa jahazi kati ya Unguja na visiwa vya Ngazija, yaani Komoro. Hunt akachukua vipeperushi. Desemba mwaka huo huo, kwenye kimoja cha visiwa hivyo, Nzwani, mvuvi aitwaye Ahmadi Abdallah akavua usiku kwa mshipi, akampata. Asubuhi akampeleka sokoni kama samaki mwingine yeyote. Mwalimu mmoja aliyekuwa amekiona kipeperushi akamzuia asikatwe, na samaki akabebwa kuvuka kisiwa mpaka Mutsamudu, ambako Hunt alikuwa ametia nanga.

Wangazija wakashangaa wageni wanavyoshangaa. Kwao huyu ni gombessa, wanamjua tangu mababu, anaingia kwenye mshipi mara moja moja. Inasimuliwa kwamba magamba yake makavu walikuwa wakiyatumia kukwaruzia mpira wa baiskeli kabla ya kuuziba pancha. Siku hizi timu ya taifa ya Komoro inaitwa kwa jina la samaki huyo, na mashabiki wa Ghana hawajasahau alivyowang'ata 3-2 kwenye AFCON kule Kamerun.

Smith alimwendea waziri mkuu wa Afrika Kusini, D.F. Malan, akapewa ndege ya jeshi aina ya Dakota kumfuata samaki. Alipomwona akalia machozi. Kisha, kwa kuwa samaki yule alikosa pezi moja la mgongoni, akamdhania ni aina nyingine, akampa jina jipya: Malania anjouanae.

Malania. Kwa heshima ya Malan, yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyojenga ubaguzi wa rangi ukawa sheria ya nchi.

Ahmadi Abdallah alipata pauni zake 100, na nafurahi. Lakini mtu aliyekaa usiku kucha na mshipi mkononi hakuingia kwenye jina la samaki, akaingia mtu aliyetoa ruhusa ya ndege. Jina lile halikudumu. Ilibainika baadaye kwamba samaki ni yule yule Latimeria, pezi lilipotea kwa ajali. Bahari ilimfuta Malan yenyewe, bila azimio la mkutano wowote.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, makala hii ilikuwa imeshaandikika kichwani. Ingesema: wavuvi wetu hawaandikwi, twende Kigombe tukaandike majina, tuweke kibao. Makala nzuri, yenye hasira ya kutosha.

Kisha nikaenda Kigombe.

"Samaki akawa serikali"

Mjomba wangu ameacha bahari sasa, magoti hayamruhusu, lakini enzi zake alikuwa mtu wa jarife. Kwa msiojua pwani: jarife ni ule wavu wa macho makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa na taa. Unashushwa jioni, unalala majini, unavutwa alfajiri. Samaki wa karibu walipopungua (na baruti ilikuwa na mkono wake humo, kila mtu Tanga anajua), majarife yakaanza kushushwa kwenye kina kirefu zaidi, pale mwamba unapokatika na kuwa shimo. Huko chini ndiko silikanti anakojificha mchana, kwenye mapango ya mita mia moja na zaidi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya samaki wako?" Dada yangu alikuwa ameshamwambia.

Akanieleza walivyompata. Uzito wake kwanza, wavu unakuja kwa shida, mnadhani ni papa. Kisha macho, yanayong'aa yakimulikwa na taa. Kisha namna asivyo na faida. Nyama yake imejaa mafuta yanayoharisha, diko zima la wavuvi linajua, mnadani hana bei. Wa mwanzo, alisema, walikatwa wakatupwa, au walipewa paka, na paka nao walichagua.

Baadaye wakaja wataalamu wa kwetu, wakaja Wajapani na chombo chenye kamera kinachozama, watoto wakaacha shule kwenda kutazama. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552, kutoka upande wa Pangani hadi kaskazini ya jiji.

"Basi hapo," mjomba akasema, "samaki akawa serikali."

Nikamwuliza maana yake nini.

"Maana yake ukimkuta jarifeni alfajiri, kashakufa, utamweleza nani kwamba hukumtafuta? Zamani tulimwita jirani aje aone. Sasa unaangalia kwanza kama kuna chombo karibu."

Alikuwa akimkumbuka vizuri mtu aliyevuta mmoja wa wale wa mwanzo kabisa, walikuwa wakivua pamoja. Nikatoa daftari. Nikamwambia nataka kuliandika jina lake, watu walijue, kama vile kule Afrika Kusini wanavyomjua Goosen.

Mjomba akaliangalia daftari kwa muda.

"Usimwandike. Ana watoto wanaovua."

Kibao hakitoshi

Nimebishana na jibu hilo kila upande. Uhifadhi siwezi kuupinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba silikanti anaweza kuishi karne nzima, jike halipevuki mpaka lipite miaka hamsini, na mimba yake huchukua kama miaka mitano. Mkubwa aliyenaswa kwetu mwaka 2004 angeweza kuwa amezaliwa kabla ya uhuru wa Tanganyika. Kiumbe wa namna hiyo ukimvua kila wiki unammaliza, hata kama humpendi mchuzini. Na wachunguzi wa vinasaba wamekuta kwamba wa Tanga wana tofauti zao na wenzao wa Ngazija; wakiisha hawa, hakuna wa kuazima.

Kwa hiyo sheria ina haki yake. Mjomba naye ana haki yake.

Kilichobadilika kwangu ni swali la yule mama. Nilidhani aibu yetu ni kukosa jina la kuandika chini ya kioo. Jina lipo, Kigombe wanalo, wamelihifadhi vizuri kuliko makumbusho yoyote, kwa kulinyamazia. Tunachokosa sisi ni simu iliyopigwa Desemba 22. Goosen hakufikiria mara mbili. Hakujiuliza kama atakamatwa, kama wavu wake utachukuliwa, kama kesho atazuiwa kutoka. Habari ilimfikia mtu aliyemjua, aliyekuwa akishuka bandarini hata siku ambazo hapakuwa na samaki wa ajabu.

Simsafishi Marjorie. Ilikuwa Afrika Kusini ya mwaka 1938, na urahisi ule wa kupiga simu ulikuwa wa nahodha mzungu na kampuni yake. Sijui Enoch angempigia nani. Pengine hali ya wavuvi wetu inafanana na ya Enoch kuliko ya Goosen, na ndiyo sababu hadithi ya East London hainifai kama mfano wa kunakili. Inanifaa kama kipimo.

Tanga tuna makumbusho yetu ya Urithi, ndani ya Boma la Mjerumani, yenye picha za mji, mkonge na reli. Tuna hifadhi yenye jina la samaki. Baina ya viwili hivyo na diko la Kigombe pana umbali ambao haupimwi kwa kilomita. Na bahari yenyewe haitusubiri: Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, na meli za kuyabeba zitapita kwenye maji haya haya. Vitu vitapanda juu ambavyo hatujaviona. Vingine vitaacha kupanda. Wa kwanza kujua atakuwa mtu mwenye jarife au mshipi, saa kumi alfajiri, na nataka kujua atafanya nini na habari hiyo.

Nilimpigia mjomba juzi nikamweleza wazo langu. Namba moja tu ya simu, ya mtu na si ya ofisi, imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa banda la diko. Mtu wa makumbusho, asiye na kazi ya kukamata, anayefika Kigombe hata siku za kusi ambapo hakuna kitu. Ukipiga umekuta silikanti amekufa wavuni, unaulizwa saa, kina, na mahali, basi. Kama hutaki jina lako liandikwe, haliandikwi.

Akanyamaza kidogo. Akauliza silikanti wa Nzwani alilipiwa kiasi gani. Nikamwambia pauni mia, za mwaka 1952.

"Na jarife? Yule samaki hatoki bila kulichana."

Nikasema sijui kama kipeperushi kilitaja nyavu.

"Basi kwenye ukuta wako andika hilo kwanza," akasema. "Namba ya simu ifuate chini yake."